Kupanda Lushoto kwa baiskeli na kundi: kilomita 33, 60 au 90?

Mratibu_Pedeli

Wakuu, salamu. Kundi letu la Jumamosi limeichoka barabara ya Bagamoyo. Tumeikanyaga mpaka mashimo yake tunayasalimia. Mwezi wa saba tunataka kwenda kupanda milima ya Usambara, kule Tanga, na ubishi umeanza hata gari hatujakodi.

Tuko 14. Watatu wana miguu ya chuma. Saba ni watu wa kawaida, Dar hadi Bagamoyo wanafika bila manung'uniko mengi. Wanne wamenunua baiskeli mwaka huu. Baiskeli zenyewe ni mseto: za mashindano mbili, za milima nyingi, na moja ya mtumba yenye gia saba ambazo zinazokubali kuingia ni nne.

Njia zilizo mezani ni hizi. Ya kwanza, gari litushushe Soni, tukanyage hadi Lushoto, tupande Irente kuangalia nyika, turudi Soni. Kama kilomita 40. Ya pili, tuanzie Mombo chini kabisa hadi Lushoto, kilomita 33, tulale, kesho yake tushuke. Ya tatu, Mombo hadi Lushoto halafu siku hiyohiyo tuunganishe Magamba na Irente, inakaribia 60. Ya nne ni ya wale watatu: Mombo mpaka Mtae kwa siku moja, 90 na ushee.

Mimi naona ya pili ni fupi mno. Kuwatoa watu Dar, safari yote ile, kwa ajili ya kilomita 33? Nisahihisheni.

MwanaSoni

Karibuni sana kwetu. Nimecheka hapo kwenye "fupi mno", nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaniuliza kuna nini.

Kaka, Mombo ipo mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari. Lushoto ipo karibu 1,400. Ukiiacha ile barabara kuu ya kwenda Moshi pale Mombo, miguu haipati hata nafasi ya kupata moto. Barabara inaingia korongoni na kuanza kujikunja, kona inazaa kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Inaendelea hivyo mpaka Soni, ambayo ipo zaidi kidogo ya nusu ya njia, na sehemu kubwa ya kupanda inaishia hapo. Ukishayaona maporomoko ya maji ya Soni unajiambia umemaliza. Hujamaliza, ila baada ya hapo mlima unakuwa na adabu kidogo.

Lingine msilolijua ninyi watu wa pwani: adui wa kwanza ni joto la Mombo. Kule juu mwezi wa saba mtalala na blanketi mbili, lakini chini jua likishachomoza sawasawa, lile korongo ni jiko. Mkitaka kuanzia Mombo, saa 12 na nusu asubuhi muwe mmeshaondoka. Saa 3 mtakuwa mmechelewa.

Chuma_Hakiyeyuki

Mimi ni mmoja wa hao watatu, na nalitetea wazo la Mtae. Mwaka jana nimeifanya peke yangu. Nimetoka Mombo saa 11 alfajiri na taa kichwani, jioni nipo Mtae naangalia nyika ya Mkomazi ikibadilika rangi. Siku kama hiyo huwezi kuisahau. Watu wakizoeshwa vifupi watabaki na vifupi. Safari ya mwaka mzima inataka kitu cha kusimulia.

Mama wa Gia Nyepesi

Kaka Chuma, hongera, kwa dhati kabisa. Lakini swali: siku hiyo ulimsubiri nani?

Nawapa kisa changu, kundi silitaji. Tuliitwa safari ya milimani, tukaambiwa "kilomita 70, vilima kidogo tu". Tulikuwa 20 na zaidi. Kilima cha kwanza kundi likakatika vipande vitatu. Cha pili nikawa siwaoni wa mbele wala wa nyuma. Saa 10 jioni nimekaa juu ya kalavati, simu ina chaji asilimia 9, paja la kulia limekakamaa kama gogo. Mtoto wa miaka kama minane akatoka shambani na maji kwenye kopo la majarini. Hakusema kitu. Alisimama tu ananiangalia ninavyokunywa, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, umefukuzwa?"

Kiongozi alikuwa ameshafika zamani na ameshaoga. Hakuwa mtu mbaya. Alipima safari kwa miguu yake mwenyewe, basi. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia kilomita namuuliza tunapanda mita ngapi, na wa mwisho atafika saa ngapi. Akikosa majibu, nabaki nyumbani na chai yangu.

Mwalimu_K

Swali la Mama ndilo lenyewe. Nafundisha fizikia, kwa hiyo nivumilieni na hesabu kidogo, si ngumu.

Chukua mtu wa kilo 70, baiskeli na vikorokoro vyake kilo 12. Jumla 82. Kuzipandisha kilo 82 mita 1,000 kwenda juu kunakula kama kilojuli 800 za nishati, uwe umezunguka kwa kona au umepita njia ya mkato ya mbuzi. Ongeza msuguano wa matairi kwa kilomita 33 na hewa kidogo, unafika kwenye 1,000 hivi.

Sasa mpeleke mtu huyohuyo Bagamoyo. Kilomita 65, mwendo wa 20 kwa saa, hakuna upepo wa mbisho. Huko anapambana na hewa na matairi tu. Nikipiga hesabu napata kati ya 900 na 1,000.

Kwa maneno mengine, Mratibu, hiyo safari yako "fupi mno" ni Bagamoyo nzima iliyokunjwa ikawekwa kwenye kilomita 33. Tena bila zile nafuu zake. Kwenye tambarare, aliyechoka anajificha nyuma ya mwenzake na hewa inampungukia. Mlimani mnakwenda kilomita 8 au 10 kwa saa, hewa si kitu, na mgongo wa mwenzako haukusaidii ila kukuonyesha anavyokuacha. Kwenye tambarare ukiacha kukanyaga baiskeli inaserereka. Mlimani ukiacha kukanyaga umesimama.

Kwa mwinuko wa namna hii mimi huhesabu kila mita 100 za kupanda kama kilomita 3 za ziada za tambarare. Ni kipimo cha jikoni, si cha maabara, ila kinatosha kulinganisha. Njia ya kwanza, kilomita 40 na kupanda kama mita 400 ukijumlisha vipande vyote, inakuwa sawa na 52. Ya pili, 33 na mita 1,000, inakuwa 63. Ya tatu, 60 na mita zisizopungua 1,400, inapita 100. Ya nne sina vipimo vyake vyote, lakini kule juu njia inapanda na kushuka muda wote. Hata nikikadiria mita 2,000, tunazungumzia 150.

Tazama ilivyopinduka. Ya kilomita 33 ni nzito kuliko ya kilomita 40.

Mratibu_Pedeli

Mwalimu, hapo umenikalisha chini. Sasa tatizo la pili: hizo mita za kupanda tunazipata wapi? Wiki iliyopita tumekwenda Bagamoyo pamoja, bega kwa bega. Simu yangu ikasema tumepanda mita 610, ya jirani yangu ikasema 240. Barabara ileile!

Mwalimu_K

Simu yako inapokisia kimo kwa setilaiti inayumba, mita kadhaa juu, mita kadhaa chini, na kila inapoyumba juu programu inakuhesabia kilima. Ukiwa umesimama kwenye mataa Mwenge unaweza "kupanda" mita 20. Zile zenye kipima mgandamizo wa hewa ni bora, ingawa nazo hali ya hewa ikibadilika zinadanganyika.

Kwa kupanda kama kule kwa Mombo huna haja ya kuhangaika. Mlima ni mmoja na hauna mabonde makubwa katikati, toa kimo cha chini kwenye kimo cha juu, umemaliza. Shida ni njia kama ya Mtae, panda shuka panda shuka. Huko ukitoa mwanzo kwenye mwisho unajidanganya vibaya.

Kilo98

Shikamoo Mwalimu, na wakubwa wote. Mimi ni mmoja wa wale wanne wa mwaka huu. Jina langu la humu linajieleza. Bagamoyo mara mbili nimefika, wa mwisho lakini nimefika. Hizo hesabu za mtu wa kilo 70 hazinihusu. Nipigie za kwangu, baiskeli yangu ni kilo 15, na usinionee huruma.

Mwalimu_K

Marahaba. Kilo 98 na 15 ni 113. Kuzipandisha mita 1,000 ni kilojuli 1,100, ukiongeza matairi na hewa weka 1,300 na ushee. Mtu anayeanza anaweza kutoa nguvu ya kama wati 110 kwa muda mrefu bila kuzimika. Hiyo ni saa 3 na dakika 20 za kukanyaga tupu. Ongeza kusimama, maji, picha, kupumua: saa 4 na nusu. Ukitoka saa 12 na nusu unafika saa 5 asubuhi. Inawezekana kabisa.

Ila sikiliza hili, na Mratibu asikilize pia. Kwenye tambarare uzito wako haukuumizi sana, ndiyo maana Bagamoyo ulifika dakika chache tu nyuma yao. Mlimani uzito ndio kila kitu. Wale watatu wakitoa wati 200, na ni wembamba, watafika Lushoto kwa saa moja na nusu. Pengo kati yao na wewe ni saa 3. Msipange kama kundi moja litakalokwenda pamoja. Halipo.

Kilo98

Saa 5 nipo Lushoto. Naweka hili andiko ukutani.

Fundi Spoku

Mimi naona mnazungumza mapafu, hakuna anayezungumza chuma. Niingie.

Kabla ya kuchagua umbali, hesabu meno ya gia. Mwenye meno 34 mbele na 32 nyuma, kila mzunguko wa pedeli unamsogeza kama mita mbili na robo. Akizungusha mara 60 kwa dakika anakwenda kilomita 8 kwa saa, anapanda huku anaongea. Mwenye 42 mbele na 28 nyuma, kwa mwendo uleule, anazungusha mara 42 tu kwa dakika, kila mzunguko ni kama kubeba gunia. Kilomita tano za kwanza atajiona shujaa. Baada ya kumi magoti yanaanza kudai. Kwa hiyo usiniambie huyu ni wa kawaida na yule ni mgeni. Nionyeshe baiskeli nitakuambia nani atasukuma kwa miguu.

Pili, kushuka, na hapa ndipo naogopa zaidi. Nguvu yote uliyotumia kupanda inakusubiri kurudi, na kwenye kona kama zile nyingi yake inaishia kwenye breki. Nimewahi kushika rimu ya jamaa aliyeshuka mlima mrefu amebana breki muda wote kwa woga: ilikuwa ya moto kama sufuria, raba za breki zimeng'aa kama kioo, na dakika mbili baadaye tyubu ikapasuka imesimama tu, paa! Kama ingempasukia kwenye kona sijui.

Dawa ni kubana kwa nguvu kabla ya kona, breki zote mbili, kisha kuachia kabisa baiskeli ipumue. Usining'inie kwenye breki kilomita nzima. Simameni mara mbili tatu njiani hata kama hamjachoka. Na raba mpya kwa kila mtu kabla ya safari, hilo sijadiliani na mtu.

Kwa hiyo mimi njia ya tatu naikataa kwa sababu ambayo si ya miguu. Mtu akishakanyaga 60 za mlima, mikono na akili vimechoka, halafu kesho asubuhi mnamteremsha korongoni? Hapana.

Mama wa Gia Nyepesi

Fundi, na Fuso za mboga je? Maana kwenye ramani hazionekani.

MwanaSoni

Dada umenena. Fuso za kabichi na nyanya hizo ndizo wenye barabara. Nyingi hushuka kuwahi masoko ya Dar na Tanga, nyingine zinapanda tupu kwa kasi. Barabara ni nyembamba, kuna kona ambazo gari kubwa linachukua pande zote mbili. Wenyeji tunapiga honi kabla ya kona. Wewe mwenye baiskeli sikiliza honi, bana kushoto, usitanue hata kama unaona kona imekaa vizuri. Na msipande watu wawili ubavu kwa ubavu mkipiga soga. Huko ni Bagamoyo, si huku.

Kuhusu Magamba na Mtae niseme kama mkazi. Magamba si mbali na Lushoto, kama kilomita 7, lakini ni kupanda tena, na mwili ukishapoa baada ya chakula cha mchana unakataa. Njia ya Mtae sehemu kubwa ni ya udongo. Kiangazi ni vumbi zuri tu, ila ikinyesha ule udongo mwekundu unajaa kwenye matairi mpaka gurudumu halizunguki. Mwezi wa saba mvua kubwa hakuna, ila manyunyu na ukungu wa milimani havina kalenda.

Halafu kuna jambo hamjaligusa. Kati ya Mombo na Lushoto magari ya abiria yanapita siku nzima. Mtu akishindwa, anapunga mkono, baiskeli inapanda juu ya keria, baada ya muda yupo mezani anakunywa chai. Njia ya Mtae magari ni machache. Ukishindwa katikati, umeshindwa kwelikweli. Mimi nikipanga njia ya watu nisiowajua miguu yao, siulizi ni ndefu kiasi gani. Nauliza aliyekwama ataokolewa na nini.

Chuma_Hakiyeyuki

Mnanifanya nionekane muuaji. Sikusema tuwaburute.

Haya, ukweli wangu nao uwekwe hapa. Nilipokwenda Mtae mwaka jana, kilomita 15 za mwisho nilisukuma zaidi ya nilivyokanyaga. Sikuandika hilo popote. Picha ya machweo niliiweka, ya kusukuma sikuiweka.

Lakini na ninyi mnielewe. Mkituweka watatu kwenye 33, saa 2 na nusu asubuhi tumeshafika, tutafanya nini mpaka jioni? Tutakaa hotelini tunakula karanga. Safari fupi mno nayo inavunja kundi, mwaka kesho hatuji. Kwa nini iwe lazima kuchagua namba moja kwa watu wote 14? Mlima ni uleule. Soni ni kituo, Lushoto ni kituo, Irente ni kituo, Magamba ni kituo. Kila mtu apandie alipo na aishie anapoweza, mradi usiku tulale paa moja.

Mwalimu_K

Chuma ameongea neno. Na Soni imekaa mahali pazuri kweli kwa hilo, kwa sababu mpaka hapo sehemu kubwa ya mita za kupanda mmeshazimaliza. Mtu akifika Soni akiwa hoi, anajua hali yake bila kuambiwa.

Tahadhari moja kwa watangulizi: msisubiri kwa saa nzima kileleni na jasho lenu. Hewa inapoa karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na fulana iliyolowa pale juu asubuhi ya mwezi wa saba inaingiza baridi mpaka kwenye mbavu. Afadhali washuke nusu ya njia kuwafuata wenzao, wapande nao tena. Wanapata mita zao za ziada, na wa nyuma wanapata mtu wa kuongea naye.

Mama wa Gia Nyepesi

Hiyo ya kuwafuata naiunga mkono mikono miwili. Ila washuke kimyakimya, wasije na zile "jikaze, karibu unafika". Mlimani hakuna neno linaloudhi kama "karibu unafika" kutoka kwa mtu asiyehema.

Na chakula, Mratibu. Watu wako wamezoea Bagamoyo, wanakunywa chai kavu, wanakula wakifika. Kwa saa nne za kupanda hiyo haifai. Kila nusu saa kitu mdomoni, ndizi, kipande cha chapati, hata kashata. Maji lita mbili kwa mtu kufika Soni, kwa lile joto la MwanaSoni. Ukingoja njaa ikuambie, imeshakuambia kwa kuchelewa.

Mratibu_Pedeli

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Uamuzi, na kama kuna anayeuona mbovu aseme leo.

Ijumaa tunakwenda kwa gari, tunalala Mombo. Hilo mwanzo sikuliwaza, nilitaka tutoke Dar usiku na kuanza kupanda na usingizi machoni. Jumamosi wote tunaanza Mombo. Wanne wapya pamoja na Mama, kama atakubali, wanatoka saa 12 na robo. Saba wanafuata saa 12 na dakika 45. Watatu wa chuma wanatoka saa 1 na nusu, ili wasifike Soni kabla ya watu wengine na kuanza kupiga picha.

Soni wote tunakutana, tunakula, na hapo kila mtu anaamua. Gari letu litakuwa linapanda nyuma ya wa mwisho, lisimpite mtu. Anayeishia Soni anaingia garini, haulizwi. Wengine Lushoto. Mchana, mwenye nguvu aende Irente, ni kilomita 5 au 6 tu, ukifika ukingoni, kijiji cha Mazinde kipo chini yako kama kimetandazwa kwenye mkeka. Watatu wana ruhusa ya Magamba mpaka saa 11 jioni. Mtae tunaiacha kwa wanaotaka siku ya pili na ya tatu, wajitegemee.

Jumapili tunashuka baada ya Fundi kukagua breki moja moja. Asiyepita ukaguzi anashuka na gari.

Kwa hiyo namba rasmi ya safari ni kilomita 33. Nimeiandika kwenye tangazo na chini yake nimeandika mita 1,000 kwa herufi kubwa, kwa sababu najua kuna mtu ataniandikia ujumbe kusema ni fupi mno.

Mama wa Gia Nyepesi

Nakubali, kwa sharti kwamba ile saa 12 na robo ni ya kuondoka, si ya kutafuta soksi.

MwanaSoni

Nitakuwa Soni pale njia panda ya Bumbuli, nina kofia ya kijani. Matunda ni juu yangu, msinunue njiani kwa bei ya wageni.

Fundi Spoku

Nakuja na mimi basi, mmeshaniingiza kwenye ratiba bila kuniuliza. Ijumaa jioni Mombo nataka kuona baiskeli zote. Nani mwenye ile ya mtumba ya gia saba zinazoingia nne? Hizo nne ni nyepesi au nzito?

Kilo98

Ni yangu, Fundi. Nzito zote.

Fundi Spoku

Nilijua tu. Waya wa gia umelegea huo, au kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo kimepinda. Usingoje Ijumaa. Niletee Jumanne, na usije nayo ukiwa umeipanda.